Kondoo, Kabichi na Kalasi ya Tatu
Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi wa Uvira na pwani ya ziwa



Mniruhusu nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha kalasi ya tatu katika shule moja ya hapa mjini. Watoto walizidi sitini, wanne wanne kwenye benchi moja. Ijumaa moja niliazima kompyuta ya ndugu yangu, betri imejaa, nikaiweka juu ya meza na kuwaonyesha katuni za Shaun the Sheep. Katika kundi lile la kondoo yumo mmoja mnene kupita wote, jina lake Shirley. Hukwama huku na kule, na wenzake humsukuma na kumvuta. Watoto walicheka hadi wengine wakalala juu ya mabenchi. Mimi pia nilicheka. Nikarudi nyumbani nikiamini nimefundisha ushirikiano, kwani si wamemwona Shirley akisaidiwa na wenzake?

Wiki mbili baadaye ndipo nilipopata habari kwamba mtoto mmoja wa kike, mwenye mwili mkubwa, amepewa jina jipya uwanjani. Shirley. Wavulana walikuwa wanajifanya kumsukuma ili apite mlangoni. Alikuwa mtoto wa kunyoosha kidole kila ninapouliza, akaacha kunyoosha. Aliyeliingiza jina lile shuleni ni mimi, kwa kompyuta ya kuazima na nia njema.

Pamoja na hayo nimekuja leo kuzitetea katuni za kuchekesha. Naamini kwa moyo wote kwamba zinaweza kuwafundisha watoto wetu kuishi na wenzao: kungoja zamu, kuomba radhi, kumpisha aliyechelewa kuelewa, kuzuia hasira isifike mkononi. Lakini katuni haifundishi peke yake. Inachofanya ni kumwekea mwalimu mezani kosa ambalo halikutendwa na mtoto yeyote aliyemo kalasini, kosa lisilo na mwenyewe, ambalo wote wanaweza kuligeuza na kulichungua bila mtu kuona haya. Kinachofuata baada ya kicheko ndicho somo, nacho hakimo ndani ya kompyuta.

Watoto wa pwani hii hawakumngoja mwalimu awaletee picha. Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kushuka Makobola, Swima hadi Baraka, wanatazama kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka, kwenye kadi zinazojazwa filamu kwa faranga chache, na kwenye nyumba za video za mbao na mabati ambamo jenereta moja inalisha televisheni moja na umati wa watu. Sisi wa bonde la Ruzizi hatuwezi kuzitaja nyumba hizo bila kuikumbuka Sange. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 230 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia, na watoto walikuwamo. Naitaja Sange kwa heshima, kwa sababu inasema jambo kuhusu namna yetu ya kutazama. Tunatazama pamoja, bega kwa bega, wakubwa na wadogo. Mtoto wa hapa hajifungii chumbani na televisheni yake. Anajua mahali pa kucheka kwa kusikia jirani yake anacheka wapi.

Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Joan Ganz Cooney na wenzake walipoanzisha Sesame Street huko Marekani, tarehe 10 Novemba 1969, walichanganya makusudi vichekesho vya watoto na vichekesho vya watu wazima, ili mzazi avutiwe kukaa karibu na mtoto wake, maana mtoto hujifunza zaidi akiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye. Walilazimika kumtega mzazi. Kwetu mtu mzima tayari amekaa palepale. Tunachokosa ni mtu mzima anayefungua kinywa akasema, "Hebu simamisha kwanza. Huyu amefanya nini?"

Sasa, kwa nini vichekesho, wakati hadithi za huzuni tunazo tele? Kwanza ni suala la lugha. Kalasi moja ya hapa inaweza kuwa na Kifuliru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge na Kirundi, Kiswahili kikiwa katikati kama soko, na Kifaransa kikisubiri ndani ya vitabu. Shaun, anayetengenezwa na studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza, na kuonyeshwa tangu 2007, hasemi neno hata moja. Wala mbwa Bitzer hasemi, na mkulima mwenyewe ananguruma tu. Pingu, yule pengwini wa udongo kutoka Uswisi, hutoa sauti zisizo za lugha yoyote duniani, lakini mtoto anajua mara moja kwamba Pingu amekasirika, au anamwonea wivu mdogo wake Pinga. Mtoto wa mkimbizi aliyetoka kambi ya Lusenda akiwa na Kirundi chake tu hucheka sekunde ileile anapocheka mtoto wa kando ya mto Mulongwe. Nimeiona sekunde hiyo mara nyingi, na bado inanigusa kila ninapoiona. Watoto wawili ambao asubuhi hawakuwa na neno la kuambiana wanageuka, wanatazamana, kila mmoja akihakikisha kwamba mwenzake naye ameona.

Katika moja ya vipindi vya mwanzo, kondoo hao wanapata kabichi na kuifanya mpira. Watoto wanaocheza kandanda kwa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba hawahitaji kuelezwa chochote hapo.

Pale ambapo maneno yanahitajika, kutaja hofu kuwa hofu na wivu kuwa wivu, tunazo katuni za Kiswahili. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014, kisha likaleta Akili and Me, yenye Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, ambaye kila akilala huingia katika nchi ya ndoto na kukutana na marafiki wanyama. Kuna pia matoleo ya Kifaransa, yanayomsaidia mwalimu wa makalasi ya juu. Watoto wetu hukisikia Kiswahili kile kama cha kitabu na kutabasamu kidogo, lakini wanakifuata bila shida. Wala mwalimu asiogope kwamba anavunja utaratibu: Katiba ya nchi yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia.

Nirudi kwa Shirley, maana lazima nieleze nilipokosea. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Marie-Louise Mares na Emily Acosta, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa chekechea waliotazama katuni ya Clifford, yule mbwa mwekundu mkubwa. Katika kipindi kile anafika mbwa mwenye miguu mitatu. Mwanzoni wenzake wanamwogopa na kumkwepa, mwishoni wanampokea. Sisi watu wazima tunaliona fundisho papo hapo: tusimbague mtu kwa ulemavu wake. Watoto wengi hawakuliona. Walioulizwa wamejifunza nini walizungumzia mbwa, kwamba mbwa mwenye miguu mitatu atendewe vyema. Mtoto mwenzao mwenye gongo hakuwajia akilini. Woga wa mwanzo, ambao mwandishi wa katuni aliuweka ili aje kuusahihisha, ndio uliowachanganya, na ulipopunguzwa katika picha watoto walielewa vizuri zaidi.

Nilipousoma uchunguzi huo nilikaa kimya kwa muda. Kumbe katika kichekesho cha dakika saba, kosa huchukua dakika sita, na suluhu huchukua moja ya mwisho, wakati watoto wameshachoka kwa kucheka. Kosa linachekesha, kwa hiyo linakumbukwa. Msamaha hauchekeshi. Watoto wangu waliondoka na Shirley aliyekwama. Shirley aliyesaidiwa walimwacha palepale juu ya meza.

Basi tufanyeje? Jibu ninalolitumia lina umri wa nusu karne, na linazifaa kalasi zetu kuliko kalasi tajiri. Mwaka 1975 Lynette Friedrich na Aletha Stein walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wadogo waliotazama kipindi cha Fred Rogers, mtu mpole wa televisheni ya Marekani aliyezungumza na watoto taratibu kuhusu hisia zao. Baadhi ya watoto, baada ya kutazama, walifundishwa maneno ya kueleza walichokiona. Wengine walikiigiza. Kuigiza ndiko kulikokuwa na nguvu zaidi wakati ulipofika wa kumsaidia mwenzao kwa vitendo. Mwili ulikuwa umeshafanya tendo hilo mara moja, kwa hiyo mara ya pili haikuwa ngeni.

Tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, makalasi yetu yamefurika. Kioo cha simu hakiwezi kutazamwa na watoto sitini. Zamani nililia juu ya hilo. Sasa nalitumia. Nachukua watoto kumi, wa kike na wa kiume, wa kila pembe ya kalasi, wanatazama kipande kimoja kisichozidi dakika tano. Hamsini waliobaki wanafanya hesabu. Kisha wale kumi wanasimama mbele na kuwaigizia wenzao walichokiona, bila kusema neno, kama ilivyo katika katuni yenyewe. Kwa kuwa hamsini hawajaona chochote, maigizo yanakuwa kazi ya kweli: ni lazima mwigizaji aonyeshe hasira ionekane hasira, na huzuni ionekane huzuni, la sivyo hakuna atakayeelewa. Hapo ndipo mtoto anapoanza kusoma uso wa mwenzake. Zamu inayofuata wanakwenda kumi wengine.

Umeme ukikatika, nao hukatika, mwalimu aliyetazama usiku kwenye simu yake anaweza kuigiza mwenyewe. Nimewahi kuwa Pingu mwenye wivu mbele ya watoto sitini na watatu, na somo halikupungua.

Jambo moja ninalishika kwa nguvu: nasimamisha picha kabla ya suluhu. Pingu amemnyang'anya mdogo wake, nazima. Sasa watoto ndio wanaotafuta mwisho, na wanautafuta kwa mikono na miguu. Siwaulizi, "Tumejifunza nini?" Swali hilo huwafundisha watoto kumpa mwalimu jibu analolitaka. Nauliza, "Uso wake ulikuwaje aliponyang'anywa? Ungekuwa umesimama karibu, mikono yako ingefanya nini?" Mtoto mmoja alinijibu, "Ningemshika huyu mdogo mkono, tuondoke wote wawili." Hakutaja haki wala adhabu. Alikuwa mtoto aliyekimbia vita mara mbili kabla ya kufika kwangu, nami nikaelewa kwamba kuondoka na mdogo wake ndiyo suluhu aliyoijua. Tuliiigiza hiyo kwanza. Kisha nikauliza kama kuna nyingine.

Tena, mtoto hapewi kuigiza mhusika anayefanana naye. Mnene haigizi mnene, mwenye kigugumizi haigizi mwenye kigugumizi. Na majina ya katuni yanabaki kalasini; hayatoki mlangoni. Kanuni hii ya mwisho nilichelewa kuijua. Nilipoijua, yule mtoto wa kike alikuwa ameshahamia shule nyingine.

Naomba sasa nikae kidogo juu ya jambo zito. Walimu wengi wakisikia habari hizi huniambia, "Basi baada ya katuni tuwaache watoto wazungumze kwa uhuru, watoe yaliyo moyoni." Nami nasema, taratibu. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck, aliyeuchunguza pia mchezo wa redio wa Musekeweya huko Rwanda, alifanya jaribio hapahapa mashariki mwa Kongo na kulichapisha mwaka 2010. Kwa mwaka mzima sehemu fulani zilisikia mchezo wa redio wa kuhimiza watu kuvumiliana. Sehemu nyingine zilisikia mchezo uleule, na baada yake kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wazungumze wao kwa wao. Kila mtu angetegemea mazungumzo yaongeze wema. Waliohimizwa kuzungumza walizungumza zaidi kweli, lakini walionekana kuwa na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi machungu waliyotendewa, na hawakuwa wepesi kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda.

Sisi tuliokulia kwenye ufuko huu hatuhitaji kuelezwa sana jinsi hilo linavyotokea. Mazungumzo yanaanza na jirani mchoyo katika hadithi. Mara yanafika kwa jirani mchoyo wa kweli. Kabla chai haijapoa tumeshafika kwa "watu wale" na "sisi", na kila mmoja ana marehemu wake wa kumtaja. Machungu hayo ni ya kweli, sitaki mtu adhani nayadharau. Lakini mtoto wa miaka minane mbele ya wenzake sitini si mahali pa kuyafungulia. Mtoto akiniambia katikati ya somo kwamba hata kabila la fulani ndivyo lilivyo, namrudisha kwenye picha: "Tunamzungumzia Pingu. Pingu amefanya nini?" Saa ya mapumziko nakaa naye kando, namsikiliza yeye peke yake, kwa muda atakaohitaji.

Ule uchunguzi wa Rwanda, uliochapishwa 2009, unanipa tumaini kwa njia nyingine. Musekeweya, iliyoanza kurushwa mwaka 2004, haikubadilisha sana yale watu waliyoyaamini moyoni. Iliyabadilisha yale waliyoyaona kuwa ndiyo desturi, yaani mwenendo unaofaa kati ya watu. Mwalimu wa msingi anaweza kulifanya hilo. Sina uwezo wa kuingia moyoni mwa kila mtoto kabla ya mwaka wa shule kwisha. Lakini kalasi ina desturi zake, na desturi ya kalasi naweza kuijenga: hapa kwetu anayeanguka huinuliwa kwanza, kisha ndipo tunacheka, naye akiwemo.

Nchi yetu imeshapita katika njia hii ya kufundisha kwa kuchekesha, na haikuwa njia nzuri kila mara. Katika miaka ya 1950 padre Mbelgiji, Albert Van Haelst, alitengeneza huko Kasai filamu za Matamata na Pilipili, watu wawili wa kuchekesha, mnene na mwembamba. Watu walizipenda sana. Lakini zilitengenezwa chini ya utawala wa kikoloni, na aliyechekwa ndani yake alikuwa Mkongo anayehangaika na mambo ya mjini. Ukitaka kujua kichekesho kinafundisha nini, tazama ni nani anayeanguka ndani yake, kisha tazama ni nani aliyekaa mahali pazuri akitazama.

Ndiyo maana siweki mbele ya watoto kichekesho chochote kinachotegemea lafudhi ya watu. Najua vinapendwa. Najua vinapita kutoka simu hadi simu, na wanaoviigiza hawana nia mbaya. Lakini kwenye barabara zetu wapo watu waliohukumiwa kwa namna walivyotamka neno moja. Mtoto aliyezoea kucheka lafudhi ameshafundishwa kuisikiliza.

Wazee wetu walikuwa na kipimo chao. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na mjukuu humjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Nyumba nzima inacheka, na hakuna anayeumia, kwa sababu kila mmoja ana ruhusa ya kumjibu mwenzake. Huo ndio utani, na utani una watu wake, zamu yake na mipaka yake. Kalasini nautumia hivyohivyo. Nikiona kicheko kinakwenda upande mmoja tu, na aliye upande wa pili hana pa kujibia, nazima kompyuta hata kama zimebaki dakika mbili.

Nina ombi moja kwenu, walimu. Pale mlangoni kuna kadi za kumbukumbu, kila moja ina vipande vinne vifupi visivyo na maneno. Chukueni. Kabla ya kuwaonyesha watoto, tazameni ninyi wenyewe mara mbili, na mwandike kwenye daftari ni sekunde gani mlicheka na ni nani aliyekuwa anaumia sekunde hiyo. Mkiwaonyesha, msikitazame kioo; mmeshakiona. Tazameni mabenchi. Mtafuteni mtoto ambaye hakucheka, mwandike alipokaa. Tutakapokutana tena mwezi ujao tutaanza na mabenchi hayo.